Mfano Namba Tisa

Karatasi za majaribio zilifika shuleni Jumatatu saa ya chai, ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Mwalimu mkuu aliiweka juu ya meza ya chumba cha walimu, kati ya birika na daftari la mahudhurio, akaeleza kwamba kuna kamusi mpya ya wanafunzi inayoandaliwa. Shule sita zimechaguliwa kuijaribu, na hii ni mojawapo. Ukurasa mmoja utafundishwa darasani wiki hii, kisha mwalimu wa Kiingereza atajaza fomu kueleza wanafunzi wameelewa mifano ipi na ipi haifai. Ijumaa mwandishi wa ukurasa huo atapita mwenyewe kuichukua.

"Ukurasa mzima kitenzi kimoja?" aliuliza mwalimu wa jiografia, akiwa ameshaifungua bahasha.

Kilikuwa kimoja kweli, "leave", nacho kilikuwa na maana kumi na moja. Kuondoka. Kuacha. Kubakiza. Kusahau kitu mahali. Kumwachia mtu urithi. Kila maana ilikuwa na mfano wake kwa Kiingereza, na chini yake Kiswahili kwa herufi za mlazo.

Mwalimu wa jiografia alikuwa akiitwa Redio, na wenzake walimwita hivyo mbele yake. Hakuweza kuona maandishi asiyasome kwa sauti, hata yale ya kwenye pakiti ya majani ya chai.

"Namba nne: 'Nani ameacha sabuni ndani ya maji?' Aisee, huyu ni mke wangu kabisa! Ameingiaje humu?" Walimu wakacheka. Redio akaruka mistari kadhaa. "Ngojeni, ngojeni. Namba tisa. 'Mumewe alimwacha wakati wa mvua, akarudi kwa wazazi wake na masanduku mawili na pasi.'" Akashusha karatasi, akawatazama mmoja mmoja. "Na pasi! Jamani, huyu mama hakutaka mchezo. Ndoa imekufa, lakini nguo zitanyooka."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu wa Kiingereza, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, alicheka pia, ila alichelewa kidogo kuliko wengine. Kisha akarudisha kikombe chake mezani bila kunywa.

Pale shuleni walijua kwamba mumewe yuko kozi nje ya nchi. Alikuwa huko mwezi wa saba sasa. Redio alikuwa ameshamwagiza amletee viatu, namba arobaini na mbili, vyeusi, vya kamba.

"Haya, Mwalimu, chukua mzigo wako," Redio alimwambia akimkabidhi bahasha. "Hiyo namba tisa usiiruke. Watoto wataipenda."


Nyumbani kwa wazazi wa mwalimu wa Kiingereza kulikuwa na meza moja tu, ya kulia chakula na ya kuandikia kamusi. Saa za kazi baba yake alitandika gazeti upande wake, akapanga kalamu tatu na daftari dogo lenye jalada la bluu. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Tangu aache kufundisha, sukari ya nyumba ile ilinunuliwa kwa mshahara wa binti yake, na kila asubuhi alipokoroga chai alikoroga haraka, kana kwamba hataki kijiko kisikike.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Zimefika?" Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Wamesemaje?"

Binti alitandaza karatasi mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni maana ya tisa."

"Baba."

"Ni maana ya tisa, mwanangu. Kumwondokea mtu mliyekuwa mkiishi naye. Lazima iwemo, huwezi kukiandika kitenzi hiki ukaikwepa. Nilihitaji mfano."

Kabla ya hapo alikuwa ameandika ukurasa mwingine, na Mhariri wa kamusi akaurudisha ukiwa mwekundu toka juu hadi chini kwa wino. Alikuwa ameandika kwamba mfalme aliacha ufalme wake, kwamba msafiri aliondoka alfajiri, kwamba simba alibakiza mifupa. "Sijawahi kusikia mtu akisema hivi," Mhariri aliandika pembeni. "Usibuni. Sikiliza watu wanavyosema." Mzee alikaa na maneno yale siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu alinunua daftari la bluu, akaanza kusikiliza. Alisikiliza mezani, uani, mlangoni mwa bafu. Ukurasa wa pili ulirudi na alama moja tu ya wino, duara kuzunguka namba tisa, na maneno mawili: "Huu unaishi."

Hilo duara alikuwa amelitazama mara nyingi.

"Ni mimi, baba. Umeniandika mimi."

"Sikuandika jina lako. Mfano hauna mwenyewe. Ukishapewa namba, unakuwa wa kitenzi." Alilisema kwa upole, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi, na aliliamini. "Wako wangapi duniani walioachwa wakati wa mvua?"

"Wenye pasi?"

Mama akatokea jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Kuna nini? Mbona sauti?"

"Baba ametuandika kwenye kamusi, mama."

"Sisi?" Mama alivuta karatasi ingawa hakuwa na miwani. "Na mimi nimo?"

"Uko namba nne," mzee alisema.

"Namba nne peke yake?"

"Na saba."

"Saba nimesema nini?"

"'Mmeniachia mchuzi mtupu.'"

Mama alifikiri. "Hilo nilisema kweli," alikiri. Kisha akauona uso wa binti yake, akairudisha karatasi mezani taratibu. "Na yeye?"

Alisomewa namba tisa. Akavuta kiti, akakaa.

"Mume wangu," alimwambia mzee, "mtu anakuja kulia nyumbani kwake, wewe unaandika?"

"Sikuandika kilio. Niliandika sentensi."

"Iondoe," binti alisema.

Hapo ndipo mzee alipoeleza utaratibu, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilizidi kushuka. Ukurasa ukishatoka kwa majaribio, mwandishi haruhusiwi kuugusa. Anayeamua ni fomu. Mwalimu yeyote akiweka alama ya Hapana kwenye mfano mmoja tu, ukurasa wote unarudi kuandikwa upya. Na yeye alikuwa ameahidiwa kwamba ukurasa huu ukipita salama, atapewa herufi M yote. Herufi M ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

"Kwa hiyo kalamu unayo wewe," alimalizia.

"Na Ijumaa unakuja wewe kuzichukua fomu."

"Ndiyo masharti. Mhariri anataka mwandishi awasikilize walimu kwa masikio yake."

"Baba, wakijua kwamba mwandishi ni baba yangu, watajua na mimi ni nani humu. Si watu wa kuhesabu sana wale. Moja na moja wanaijua." Alikunja karatasi mara mbili. "Ukija, hunijui."

"Sikujui?"

"Hunijui. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, wewe ni mzee wa kamusi."

"Asimjue vipi," mama aliuliza, "na hiyo pua mmegawana?"

Mzee alikusanya kalamu zake tatu, akakunja gazeti, akaiachia meza nafasi ya sahani.

"Sawa," alisema. "Nitakuita Mwalimu."


Jumatano alifundisha ukurasa ule mbele ya wanafunzi arobaini na sita. Aliandika maana kumi na moja ubaoni kwa mwandiko wake ulionyooka, akaanza na ya kwanza. Maana ya tatu walisinzia. Maana ya sita, ya urithi, waliulizana kwa kunong'ona nani ana babu mwenye shamba. Alipofika ya tisa aliisoma kwa sauti ileile aliyosomea nane.

Darasa likaamka.

"Mwalimu, mvua inahusika vipi?"

"Inaonyesha wakati. Andika: wakati."

"Mwalimu, kwa nini pasi?"

"Mwandishi hakueleza."

"Labda mume alikuwa hapendi kupiga pasi," mvulana wa nyuma alisema, na wenzake wakapiga madawati.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye hakuwa akiuliza maswali mara kwa mara, alinyoosha mkono. "Mwalimu, yeye alikuwa na kosa gani?"

"Sentensi haisemi."

"Lakini wewe unafikiri?"

"Mimi nafikiri tuende namba kumi."

Kipindi kilipokwisha aliwapa zoezi la dakika kumi: wachague mfano mmoja walioelewa, kisha waandike wa kwao unaofanana nao. Alizisahihisha karatasi hizo mchana, peke yake darasani, wakati wengine wamekwenda kula. Arobaini na moja walikuwa wamechagua namba tisa, na hawakukosea. Mmoja aliandika kwamba mama yake aliachwa wakati wa jua. Mwingine aliandika kwamba shangazi yake alirudi na godoro. Wa tatu, yule msichana wa mbele, aliandika kwamba baba yake aliondoka na hakuchukua kitu chochote, kwa hiyo walidhani atarudi.

Aliziwekea alama za vema, zote. Kisha akachukua fomu. Kwenye kila mstari kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Aliweka Ndiyo kwenye moja hadi nane, akaruka, akaweka Ndiyo kwenye kumi na kumi na moja. Kwenye tisa kalamu ilisimama. Kama baba yake angekuwa mwongo, au mfano wake mbaya, ingekuwa rahisi. Ulikuwa mfano mzuri kuliko yote kumi na moja, na yeye alikuwa mwalimu wa kutosha kulijua hilo.

Fomu ilirudi kwenye bahasha ikiwa na mstari mmoja mtupu, ikakaa hivyo Alhamisi nzima.


Ijumaa mzee alivaa koti. Alikuwa na koti moja, la kijivu, na mara ya mwisho kulivaa ilikuwa siku ya kumwoza binti yake. Mama alilipiga brashi mabegani, akamrekebisha kola, akasema, "Usimkodolee macho." Mzee alitoka dakika ishirini baada ya binti, ili wasionekane wakiongozana.

Shule ile ilikuwa ya nne katika sita. Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa. Ilikuwa saa ya chai. Mwalimu mkuu alimtambulisha kama mwandishi wetu wa kamusi, akampa kiti karibu na birika.

"Shikamoo, mzee," walimu walisema kwa pamoja, na binti yake pamoja nao.

"Marahaba. Habari za kazi?" Akageuza shingo kiasi cha heshima, si zaidi. "Nadhani mwalimu wa Kiingereza ni wewe?"

"Ndimi."

"Asante sana kwa kazi, Mwalimu."

Alilisema vizuri. Alikuwa amelifanyia mazoezi njiani, na mtu wa pikipiki aliyempita alidhani anasali.

Binti alikwenda kwenye kabati kuchukua bahasha. Kutoka dirishani hadi kwenye kabati ni hatua sita, na Redio hakuwa mtu wa kukaa kimya kwa muda wa hatua sita.

"Mzee wangu, kabla hujaenda," alisema akisogeza kiti. "Huyu wa namba tisa ulimtoa wapi? Maana tumemjadili wiki nzima. Mimi nimeshamwonea huruma mpaka nataka nimtumie mkaa wa hiyo pasi."

Kicheko kikazunguka meza. Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nilibuni," alisema.

"Nilijua tu!" Redio alipiga paja. "Si niliwaambia? Haiwezekani. Mwanamke akiachwa anabeba sufuria, anabeba televisheni, akiweza anabeba na mlango. Pasi? Hapana. Hapo mzee ulitia chumvi."

"Labda."

"Si labda, ulitia. Unajua, ukiandika kitu cha watoto lazima ufanye utafiti kidogo. Uende kwa watu, usikilize. Usikae tu nyumbani ukatunga."

"Ni kweli," mzee alisema, akitazama birika. "Labda nilitia chumvi kidogo."

Binti alikuwa amesimama kabatini na bahasha mkononi. Aliyaona mabega ya koti la kijivu, jinsi yalivyokubali. Hakuwa amepanga kusema chochote. Baadaye, alipojaribu kukumbuka, hakuweza kuona ni wakati gani aliamua.

"Hakutia chumvi," alisema. "Nilichukua pasi kwa sababu niliinunua mimi. Televisheni ilikuwa yake."

Redio alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa haujapata habari.

"Yaani..."

"Huyu ni baba yangu. Na hakuna kozi."

Mtu fulani alirudisha kijiko kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu mkuu alifungua daftari la mahudhurio, akalifunga. Redio alivifikiria viatu vyake, namba arobaini na mbili, akaona aibu kwamba ndicho kitu cha kwanza alichokifikiria. Kisha akasimama, akamimina chai kwenye kikombe safi, akatia sukari bila kuuliza vijiko vingapi, akamsogezea mzee.

"Karibu chai, mzee," alisema. "Samahani."

Mzee alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakujua amtazame nani, basi akamtazama binti yake, na safari hii hakujizuia.

"Kwa kuwa mwenyewe umesema," alianza polepole, na matumaini yalisikika ndani ya sauti yake ingawa alijaribu kuyashusha, "basi pengine hakuna tena sababu..."

"Kuna, baba."

Alikuja mezani, akatoa fomu, akaitandaza kando ya kikombe. Akaomba kalamu. Walimu watatu walinyoosha zao kwa wakati mmoja.

"Kusema nimesema mwenyewe," alisema. "Kuandikwa sikuulizwa."

Akaweka alama ya Hapana kwenye mstari wa tisa. Palipoandikwa Maoni, aliandika kwamba wanafunzi arobaini na moja kati ya arobaini na sita waliuelewa mfano huo, kwa sababu huo ndio ukweli. Akatia sahihi na tarehe. Mzee aliisoma fomu yote kuanzia juu, taratibu, kama alivyosoma mitihani ya wengine miaka thelathini na minne. Alipofika chini alitikisa kichwa kukubali, akaitia ndani ya bahasha, akaufunga uzi mara mbili.

"Chai nzuri," alimwambia Redio. Alikuwa amekunywa funda moja.


Herufi M alipewa mwingine, mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi benki. Mhariri hakupiga simu. Alituma barua ya mistari mitatu, na mstari wa tatu ulisema kwamba ukurasa wa "leave" bado ni wake akitaka, auandike upya kabla ya mwisho wa mwezi, kwa malipo yaleyale. Mzee alikaa na barua hiyo asubuhi nzima. Mchana alitandika gazeti.

Kwa siku chache shuleni kulikuwa kimya kuliko kawaida. Walimu wawili walikuja kwa binti kila mmoja kwa wakati wake, wakamweleza mambo ya nyumbani kwao ambayo hakuwa ameyauliza. Redio aliacha kusoma vitu kwa sauti hadi Jumatano, kisha ratiba mpya ya mitihani ikabandikwa ukutani na akashindwa.

Jumapili baada ya chakula, binti alikuwa akisahihisha madaftari upande mmoja wa meza na baba yake akiandika upande wa pili. Hawakuwa wamezungumza mengi juma lile, lakini sukari ilipokwisha yeye ndiye aliyemwomba binti, kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, sukari imekwisha," naye akajibu, "Nitapitia dukani." Kwenye karatasi ya mzee maana kumi na moja zilikuwa zimepangwa upya, na nyingi hazikuwa na kitu mbele yake. Ya tisa ilikuwa tupu kabisa.

Mama aliingia kwa kasi kutoka uani, ufagio mkononi, akamkabili mumewe.

"Umeuacha tena mlango wazi! Kuku wa jirani wamejaa jikoni, mmoja amekaa kwenye kigoda kama mgeni aliyealikwa!"

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe kwenye daftari la bluu. Ukalifungua. Ukashika kalamu. Kisha ukasimama.

"Mke wangu," alisema.

"Nini?"

"Hilo ulilosema. Naweza kuliandika?"

Mama alisimama na ufagio wake. Jikoni kitu kilianguka, kikavunjika, kuku wakapiga kelele. Binti aliacha kusahihisha. Mama alimtazama binti, akamtazama mumewe, akalifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote angetarajia kwa habari ya kuku.

"La kuku au la mlango?"

"La mlango tu. Kuku sina haja nao."

"Andika," mama alisema hatimaye. "Lakini useme ni nani aliyeuacha."